Kuangalia ndege juu ya msitu wa Nyungwe: mwongozo kamili kwa asiyetaka kulipa hela ya daraja akarudi na selfi tu

Kabla ya yote, ukifika Rwanda usimwambie mtu umekuja kuangalia ndege. Kinyarwanda indege ni eropleni. Mi nilimwambia kijana wa mapokezi pale gesti kwamba kesho naamka alfajiri naenda kuangalia ndege, akanielekeza vizuri kabisa njia ya uwanja wa Kamembe na akaniuliza kama namsindikiza mtu. Sema inyoni. Ukifikiria ni neno letu hilo hilo, wazee wa pwani walikuwa wanasema nyuni kabla ndege haijachukua kazi mbili.

Haya. Huu mwongozo ni wa kuangalia ndege wa kwenye paa la msitu, yaani kule juu majani yanapokutana, sio wale wa chini wanaorukaruka vichakani. Nimechagua Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, kwasababu ndio sehemu kwenye ukanda wetu ambapo mtu wa kawaida anaweza kufika kwa basi, akalala juu ya mgongo wa mlima anatazama vilele vya miti kwa chini yake, alafu akatembea kwenye daraja la kamba za chuma katikati ya hivyo vilele. Daraja lilifunguliwa 2010, lina urefu wa mita 160 na pale katikati uko zaidi ya mita 50 kutoka chini. Hifadhi yenyewe ni kama kilomita za mraba 1,000, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2023.

Kwanini ujisumbue kupanda juu? Ukiwa chini msituni unaangalia matumbo. Ndege yuko mita 30 juu, nyuma yake kuna anga jeupe, unaona kivuli cheusi chenye mkia, shingo inauma, na kitabu chako kimechora ndege kwa ubavu na rangi zake zote ziko mgongoni na kwenye bawa. Ukipanda ukawa sawa naye ghafla yule "ndege mweusi" anakuwa wa kijani na mabawa mekundu. Ni hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Ila, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela yao, daraja lenyewe sio sehemu nzuri ya kuangalia ndege kwa muda mrefu. Linatikisika, mko kundi, mwongozaji ana zamu nyingine inamsubiri. Watu wanavuka kwa dakika 15, wanapiga picha za miguu yao, wanarudi wanasema Nyungwe hakuna ndege. Ndege wapo kama aina 300. Kinachokosekana ni mtu kukaa sehemu moja. Kwahiyo mpango mzima ninaokupa ni wa kukaa, daraja ni kipande tu cha huo mpango.

Chagua pa kulala kwa kuangalia mti, sio kitanda

Uko na sehemu tatu. Uwinka, ambapo ndio ofisi ya wageni na ndio daraja linapoanzia, iko juu kwenye mita 2,400 na kitu, na kuna kambi ya mahema pale pale ukingoni mwa mteremko. Gisakura, upande wa magharibi, chini kidogo, kuna hoteli za bei zote mpaka za wenye nazo, katikati ya mashamba ya chai. Na Kitabi upande wa mashariki unapotokea Huye, napo chai.

Ushauri wangu kama una usiku miwili, mmoja lala Uwinka mwingine Gisakura. Sababu ni mwinuko. Msitu wa Nyungwe unapanda kutoka mita 1,600 hivi mpaka 2,950 kwenye kilele cha Bigugu, na ndege wa juu sio wale wa chini, wengine hawapandi kabisa. Kama una usiku mmoja tu basi lala Uwinka hata kama utatetemeka, kwasababu utakuwa kwenye kiti chako kabla jua halijatoka wakati wenzako bado wako kwenye gari wanatoka hotelini.

Unapobuki usiulize kama kuna wifi. Uliza hivi: mbele ya baraza kuna nini? Unataka mteremko unaoshuka mbele yako ili vilele vya miti viwe usawa wa macho, na unataka upande ambao asubuhi jua litakuwa mgongoni kwako, maana yake unatazama magharibi. Baraza linalotazama mashariki ni zuri kwa picha ya mawio, kwa ndege ni hasara tupu, kila kitu kinakuwa kivuli mpaka saa tatu.

Lini

Kiangazi cha Juni mpaka Agosti ndio rahisi kutembea, halafu kuna kile kiangazi kifupi cha katikati ya Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei ni mvua kweli kweli, Nyungwe kwa mwaka inapata zaidi ya milimita 2,000 na sehemu kubwa ya hiyo wanakuteremshia wewe uliyekuja Aprili. Mi binafsi napenda mwanzo wa mvua kuliko katikati ya kiangazi, ndege wanaimba zaidi na miti ina maua, lakini kama ni safari yako ya kwanza nenda Julai usijifanye shujaa. Siku ya juma bora kuliko wikiendi.

Kufika, na lile suala la saa

Kwa sisi wa Tanzania njia ni Rusumo, kutoka Kahama au Ngara unapita mpaka na kufika Kigali. Wakenya na Waganda wanajua njia zao. Kutoka Kigali panda basi la Rusizi pale Nyabugogo, ni kama kilomita 225 mpaka Uwinka lakini ni kona tupu hivo hesabu masaa matano au zaidi, na mwambie konda mapema kwamba unashuka Uwinka, akikusahau utajikuta Kamembe unaangalia hizo ndege nyingine. Kama unatokea Bukavu ndio uko jirani kabisa, unavuka mto Rusizi na umefika kwenye mlango wa magharibi.

Mambo mawili yanayowapiga watu. Rwanda wanaendesha kulia, ukivuka barabara angalia kushoto kwanza. Na saa yao iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Hii ya saa ni muhimu kuliko inavyoonekana maana jua linatoka karibu saa kumi na mbili ya kule, na simu ikishindwa kujibadilisha unaamka saa nzima kabla ya kitu chochote kutokea na unakaa gizani na baridi unajilaumu. Ilinitokea. Bora hiyo kuliko kuchelewa lakini bado.

Ukipanga mifuko yako kumbuka Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mpakani wanaangalia. Darubini usiifunge kwenye rambo, tumia begi la turubai la kuzuia maji.

Kuhusu viingilio, bei zinabadilika kwahiyo siandiki namba, angalia ukurasa rasmi wa hifadhi. Ila uliza bei ya raia wa Afrika Mashariki na uwe na pasi mkononi ya kuthibitisha, ukikaa kimya unaweza kukatiwa kama mtalii aliyetoka Ulaya. Na kingine, omba mwongozaji wa ndege, useme hivyo hivyo, wa inyoni. Mwongozaji wa kawaida anajua njia na sokwe na anaweza kuwa mtu mzuri sana lakini unataka yule ambaye akisikia mlio mmoja anasimama katikati ya sentensi.

Vifaa

Darubini ya 8x42. Sio 10, sio 12, sio ile kubwa ya mjomba aliyokuwa nayo jeshini. Kwenye daraja linalotikisika kila unavyokuza zaidi ndivyo mtikisiko unavyokuwa mkubwa, 8 ndio mwisho wa utulivu, na ile 42 ni upana wa kioo cha mbele unaokusanya mwanga wa alfajiri. Kama una teleskopu ya miguu mitatu iache barazani, pale ni mfalme, darajani ni mzigo.

Koti la mvua, sweta zito, kofia, soksi ndefu za kuchomekea suruali kwasababu ya siafu. Mwavuli pia, watu wananicheka lakini kwenye baraza au pale ukingoni wakati wa manyunyu mwavuli unakupa nusu saa ya kuangalia ambayo mwenye koti hana, vioo vyake vimeshajaa maji. Kitambaa kikavu cha vioo weka viwili. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kinachochukua na Rwanda. Programu ya Merlin ya kutambua ndege kwenye simu, pakua pakiti inayochukua Rwanda ukiwa Kigali. Kile kipengele chake cha kutambua sauti kichukulie kama rafiki anayekisia, akisema kitu mtafute ndege kwa macho kabla ya kuandika.

Ukungu kwenye vioo ni ugonjwa wa Nyungwe. Siku yangu ya kwanza nilibeba darubini ndani ya koti la mvua nikidhani naikinga, kumbe jasho langu lote linageuka mvuke mle ndani na kuganda kwenye kioo. Saa mbili nzima sikuona kitu. Ivae nje ya koti na kile kifuniko cha juu, usipumulie kwenye lenzi za macho, na ukitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye moto iache kwenye begi lake lililofungwa mpaka ipate joto polepole.

Asubuhi ya kwanza: kaa

Saa kumi na moja na nusu ya kule uko kwenye kiti, una chai. Usitembee. Mwanga ukianza kuja utasikia kwanza, kuona baadae. Shorobo (turaco, wale wa kijani wenye mabawa mekundu) wanaanza mapema, ule mlio wa kukoroma unaopanda mmoja anaanza mwingine wa mteremko wa pili anamjibu, na utajua sasa msitu umeamka.

Kazi yako kwa saa moja ya kwanza ni kuchagua miti mitatu tu. Mmoja mkavu usio na majani unaosimama juu ya wenzake, huo ni wa tai na mwewe na ninga wanaoota jua. Mmoja wenye matunda. Na mmoja wenye maua, na hapa nakupa dhahabu: tafuta mti wenye maua mekundu madogo kama shanga kwenye matawi yaliyolala bapa, unaitwa Symphonia globulifera. Ukiukuta umechanua, kaa hapo hata siku nzima. Kuna chozi (ndege mdogo anayefyonza maua) mmoja mwenye mkia mrefu na kifua cha zambarau, Nectarinia purpureiventris, anaupenda huo mti kuliko kitu kingine na nje ya milima hii ya Bonde la Ufa la magharibi humpati popote duniani.

Zungusha macho kwenye hiyo miti mitatu, mkavu, matunda, maua, unarudi. Bila darubini kwanza. Jicho tupu linaona tikisiko, darubini inaona ndege, ukianza na darubini unapekua majani matupu. Ukiona jani limetikisika usiinamishe macho kutafuta darubini shingoni, bakiza macho pale pale na uilete darubini mbele ya macho. Hiyo mazoezi unaweza kufanya nyumbani kwenye mwembe.

Sasa kuelekezana. Kila mwongozaji duniani anatumia saa, "kwenye ule mti, saa tatu". Kwetu hii ni balaa. Saa tatu ya Kiswahili mshale uko kwenye tisa, kushoto. Saa tatu ya Kizungu mshale uko kwenye tatu, kulia. Nimeshuhudia kundi la watu sita nusu wameangalia kulia nusu kushoto na shorobo kaondoka. Kubalianeni mapema, au semeni tu "tawi la kulia, nusu ya mti, nyuma ya lile jani kavu".

Darajani

Nenda zamu ya kwanza kabisa ya asubuhi. Kutoka Uwinka unateremka kwa njia ya Igishigishigi, jina la ule mkangaga mrefu kama mti (tree fern) unaofanana na mwavuli, imejaa kote. Kwenda kushuka, kurudi kupanda, na kwenye mita 2,400 mapafu yatakuambia. Kwa jumla ni kama saa mbili.

Mwombe mwongozaji uwe wa mwisho kwenye mstari. Wa mwisho hana mtu nyuma anayemsukuma, na wenzako wakishatoka daraja linatulia. Ukifika kwenye minara ya chuma inayoshikilia daraja simama pale, pale hapatikisiki sana, ndio baraza lako la juu. Viwiko bana kwenye mbavu, usiegemeze darubini kwenye kamba maana kamba inabeba mtetemo wa kila mtu anayekanyaga. Ukiogopa urefu angalia mti wa mbali usiangalie miguu yako.

Angalia CHINI pia. Watu wanasahau. Mbayuwayu weusi wanapita chini ya daraja na unaona migongo yao, na shorobo akivuka bonde kwa kuteleza hewani anafungua bawa lote. Ule wekundu wa bawa la shorobo ni rangi kweli yenye madini ya shaba ndani yake, sio mwanga unaocheza kama kwa chozi, ndiomana unauona hata siku ya mawingu.

Kundi likija

Hii ndio sehemu inayotenganisha aliyeona aina 8 na aliyeona 30. Ndege wa juu ya msitu hawajasambaa sawa kama sukari kwenye chai. Wanatembea makundi ya mchanganyiko, aina kumi, kumi na tano pamoja, wanaopekua majani, wanaochokoa magome, vigogota, goregore wenye vichwa vyeupe, wale Kupeornis rufocinctus (red-collared babbler) wenye kelele kama wanagombana. Nusu saa kimya kabisa, unadhani msitu umekufa, alafu dakika sita za fujo, alafu kimya tena.

Likija usishangilie aina moja. Kosa langu la miaka ni kumganda ndege mmoja mzuri mpaka kundi zima limepita. Fanya hivi: tafuta ukingo wa mbele wa kundi, linaelekea wapi, weka macho kwenye pengo la majani mbele yao na waache wavuke mmoja mmoja kama abiria wanaoshuka kwenye kivuko. Sema kwa sauti unachoona, "kichwa cheupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu", mwenzako aandike au simu irekodi. Kitabu utafungua baadae. Ukifungua kitabu kundi linaondoka, hii ni sheria.

Na usipige sauti za kuita kwa simu. Ndege anaacha kiota anakuja kupigana na spika yako. Waongozaji wengine wanafanya kumfurahisha mgeni, mwambie hapana kwa adabu.

Wa kuwatafuta

Sitakupa orodha ndefu. Uwinka: shorobo wa Rwenzori, Gallirex johnstoni, wa kijani na bluu, bawa jekundu. Chozi wa kifalme, Cinnyris regius, dume ana kichwa cha kijani cha chuma, kifua chekundu na njano ubavuni, mtafute kwenye maua ya ile lobelia ndefu kama nguzo kando ya barabara. Gisakura na chini: shorobo bluu mkubwa, Corythaeola cristata, huyo ni saizi ya jogoo, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu na kishungi cheusi, anakimbia juu ya matawi kama mtoto anayekimbizwa. Wanaanza kulia kwa pamoja jioni na huwezi kuwakosa. Na tai mwenye kishungi, mla nyani. Mbega wa Nyungwe wanatembea makundi makubwa ya mamia, wakianza kupiga kelele zote kwa mkupuo na kujificha ndani ya majani wewe usiangalie mbega, angalia juu.

Mchana na mvua

Kuanzia saa tano mpaka saa tisa pumzika. Ndege nao wamepumzika. Isipokuwa mvua ikikatika, hapo kimbia kwenye kiti chako hata kama sahani ina ubwabwa, dakika 20 baada ya mvua wote wanatoka kukausha manyoya kwenye matawi ya wazi na wanakaa bila haraka. Siku moja niliona vitu vingi kwenye hizo dakika 20 kuliko asubuhi nzima. Picha ukipiga kwenye anga jeupe ongeza mwanga kwa hatua moja kwenye kamera, la sivyo una albamu ya vivuli.

Jioni andika daftari lako siku ile ile, saa, mwinuko, mti gani, na ambao hukuwatambua waandike "sijui" na mchoro mbaya. Ukiweka orodha kwenye eBird, ule mtandao wa kukusanya orodha za ndege, usijaze kwa kubahatisha.

Na siku ya kuondoka usiweke darubini kwenye buti ya basi. Barabara inaendelea ndani ya msitu mpaka Kitabi, kima wenye ndevu nyeupe wanakaa kwenye kingo za lami kama wanasubiri basi nao, na mi chozi wangu wa kifua cha zambarau, baada ya siku mbili za kumngoja kitini, nilimwona dirishani basi liliposimama konda ashushe gunia la viazi.